Nikifuata Mawe ya James Barnet

Mimi ni msanifu majengo wa serikali. Kazi zangu ni zahanati, madarasa, nyumba za watumishi, vituo vidogo vya polisi. Majengo ambayo watu huyatumia maisha yao yote bila kuuliza nani aliyachora. Ndiyo sababu jina la James Barnet limenikaa moyoni tangu nilipolisoma mara ya kwanza. Alizaliwa Arbroath, Scotland, mwaka 1827, mtoto wa mjenzi. Akahamia London akiwa na miaka 16 kujifunza kazi, na Desemba 1854 akashuka Sydney, mhamiaji miongoni mwa wahamiaji wengi wa miaka ile ya dhahabu. Miaka ya mwanzo alikuwa msimamizi wa ujenzi wa Chuo Kikuu cha Sydney chini ya msanifu Edmund Blacket. Mwaka 1860 akaingia ofisi ya Msanifu wa Koloni la New South Wales, mwaka 1862 akakaimu ukuu wa ofisi hiyo, mwaka 1865 akathibitishwa, na hakuondoka mpaka 1890.

Katika miaka hiyo ofisi yake ilijenga posta na vituo vya telegrafu 169, mahakama 130, majengo ya polisi 155, nyumba za mahabusu 110 na minara ya taa 20. Nimezisoma hesabu hizo mara nyingi. Mpwa wangu, ambaye ni muuguzi Sydney, aliponiambia, "Mjomba, njoo basi uyaone kwa macho," nikaomba likizo.

Jumatatu, Martin Place

Nimeanza na Posta Kuu, maana hapo ndipo Barnet alipoweka nguvu zake zote. Ujenzi ulianza 1866, sehemu ya kwanza ikafunguliwa Septemba 1874, na mnara wa saa ukakamilika 1891, yeye akiwa ameshaondoka kazini. Mnara huo ulibomolewa mwaka 1942 kwa hofu ya ndege za vita za Japani, ukarudishwa mahali pake mwaka 1964. Leo ndani ni hoteli, lakini baraza ya matao inayozunguka jengo bado ni njia ya watu wote. Nilipita chini yake pamoja na wafanyakazi wa ofisini waliokuwa wakikwepa jua, na hakuna aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Jiwe lake ni jiwe la mchanga la Pyrmont, upande wa pili wa ghuba. Likichimbwa huwa kijivu cheupe. Likikaa hewani linageuka manjano, na umanjano huo unakolea kadiri miaka inavyopita. Wachimbaji waliyaita machimbo yake matatu Peponi, Toharani na Shimo la Jehanamu, kulingana na ugumu wa kulitoa. Nguzo ni za itale kutoka Moruya, pwani ya kusini, zimesuguliwa mpaka unaona kivuli chako ndani yake. Nimegusa moja asubuhi ikiwa bado baridi. Kiungo cha jiwe na jiwe ukutani ni chembamba kiasi kwamba ukucha hauingii, nami najua ni fundi wa namna gani anayeweza kazi hiyo, na msimamizi wa namna gani anayekataa kupokea iliyo chini ya hapo.

Lakini nilichokuja kukiona hasa kiko upande wa Pitt Street. Juu ya matao Barnet alimpa kazi mchongaji Mwitaliano, Tomaso Sani, na badala ya miungu ya Kigiriki wakachonga watu: shughuli za koloni kama vile telegrafu, uchapaji, benki, kilimo na uchimbaji madini, zikifanywa na watu wa kawaida waliovaa nguo za siku zile. Michongo ilipoonekana mwaka 1883 mji ulichafuka. Magazeti yakasema ni mibaya, wabunge wakaijadili bungeni, watu wenye vyeo wakataka ing'olewe. Barnet hakurudi nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba jengo la umma la wakati wake lionyeshe watu wa wakati wake.

Tulisimama upande wa pili wa barabara na kukaza macho. Mikunjo ya makoti imechongwa kwa kina, kofia zimekaa vichwani kama zilivyokaa, mikono iko kazini. Mpwa wangu alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, hawa ndio watu niliopanda nao treni leo asubuhi."

Sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo. Mtoto wa mjenzi, aliyekuja kutafuta maisha, alipopewa jengo kubwa kuliko yote katika koloni, aliweka juu ya matao yake watu aliokutana nao njiani. Mimi nasimama upande wake. Na michongo bado ipo.

Jumanne, Bridge Street na bustani

Kuna kona ya Sydney ambapo ukigeuka kila upande unaona mkono wake. Jengo la Katibu wa Koloni, kwenye kona ya Macquarie Street, lilijengwa kati ya 1873 na 1881. Ghorofa ya juu na kuba viliongezwa baadaye na mrithi wake, Walter Liberty Vernon. Mteremko kidogo tu kutoka hapo kuna jengo la Idara ya Ardhi, lililoanzishwa 1876, lenye mnara wa kuba ya shaba iliyogeuka kijani.

Jengo la Ardhi lilinishughulisha zaidi. Kuta zake zina vishubaka 48 vya kuweka sanamu za wapelelezi wa nchi, wapima ardhi na watunga sheria. Nyingi kati ya nafasi hizo hazijawahi kujazwa. Unazunguka jengo, unamwona Mitchell, unamwona Sturt, kisha shubaka tupu, kisha jingine tupu. Kazi ya mawe ni safi sana. Hata hivyo sikuweza kuzunguka pale bila kukumbuka kilichokuwa kikifanyika ndani: humo ndimo nchi ya wenyeji wa asili ilimokatwa vipande kwenye ramani, ikapewa namba, ikauzwa. Wagadigal, wenye ardhi ambayo jengo lenyewe limesimama juu yake, hawamo katika vishubaka hivyo. Msanifu wa serikali hujenga anachoagizwa na serikali, na ukimpenda msanifu huyo inakupasa useme pia aliyemwagiza alikuwa nani.

Mchana tukaingia Bustani ya Mimea. Hapa ilisimama Garden Palace, jumba alilolichora Barnet kwa ajili ya Maonyesho ya Kimataifa ya Sydney yaliyofunguliwa tarehe 17 Septemba 1879. Lilijengwa kwa muda wa miezi minane hivi, mafundi wakifanya kazi mpaka usiku chini ya taa za umeme, jambo ambalo koloni lilikuwa halijapata kuliona katika ujenzi. Kuba lake lilikuwa na upana wa futi 100. Sehemu kubwa ilikuwa mbao.

Alfajiri ya tarehe 22 Septemba 1882 liliungua lote. Chanzo cha moto hakikujulikana kamwe. Baada ya maonyesho serikali ilikuwa imeligeuza ghala la kumbukumbu zake, kwa hiyo ziliteketea karatasi za sensa ya 1881, pamoja na picha za wachoraji zilizokuwa zikionyeshwa. Na lililo kubwa kuliko yote: mkusanyo wa vitu vya wenyeji wa asili, ngao, silaha na zana zilizochukuliwa kutoka kwa jamii za kusini-mashariki mwa Australia, uliteketea wote. Karatasi za sensa huandikwa tena. Ngao iliyochongwa na mzee aliyekwisha kufa haichongwi tena na yeye.

Mwaka 2016 msanii Jonathan Jones, wa asili ya Wawiradjuri na Wakamilaroi, alipanga ngao nyeupe 15,000 juu ya nyasi kufuata mstari wa kuta zilizoungua. Ziliondolewa baada ya wiki chache. Leo kuna bustani ya duara iliyozama mahali kuba lilipokuwa, na upande wa Macquarie Street kuna malango ya chuma na mawe yaliyojengwa mwaka 1889 kwa kumbukumbu ya jumba. Nilitembea kutoka ukingo hadi ukingo wa duara lile nikipiga hatua ndefu, nikijaribu kuinua kuba akilini. Nadhani Barnet naye alipita hapa mara nyingi baada ya moto. Ofisi za serikali zilikuwa jirani tu.

Jumatano, Callan Park

Mpwa wangu alikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo asubuhi alilala nami nikaenda peke yangu hadi Lilyfield, magharibi ya katikati ya jiji. Mchana akanifuata, bado ana usingizi machoni, kwa sababu alisema hospitali ndiyo asiyotaka kuikosa.

Callan Park ilijengwa kati ya 1880 na 1885 kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Barnet aliichora pamoja na Dk. Frederick Norton Manning, mkaguzi wa hospitali hizo katika koloni, ambaye alikuwa amesafiri nje kuona jinsi wengine wanavyowatunza wagonjwa wao. Majengo makuu yanaitwa Kirkbride, kwa jina la daktari Mmarekani aliyefundisha kwamba jengo lenyewe ni sehemu ya dawa. Mawe mengi yalichimbwa palepale kwenye kiwanja. Bustani zilipangwa na Charles Moore, mkurugenzi wa Bustani ya Mimea.

Nimekaa humo saa nyingi kuliko mahali pengine popote katika safari hii. Mpango wake ni huu: badala ya jengo moja zito kama gereza, kuna majengo mengi ya ghorofa chache yaliyounganishwa kwa njia zenye paa, na kati yao nyua, kila ua na baraza yake. Mgonjwa angeweza kutoka kitandani hadi kwenye miti pasipo kunyeshewa mvua. Madirisha yako juu kiasi cha kuingiza hewa na chini kiasi cha mtu aliyeketi kuona nje. Nililipima moja kwa shubiri na kiganja: kizingiti cha chini kinafika usawa wa kifua changu nikiwa nimekaa kwenye benchi. Mtu aliyechora hivyo alifikiria mtu aliyekaa.

Katikati kuna mnara wa maji, na juu yake tufe lililokuwa likipanda na kushuka kufuata kina cha maji kwenye hodhi ya chini. Msimamizi alihitaji tu kuinua macho ili ajue kama maji yapo.

Mpwa wangu alipofika tulipita baraza moja baada ya nyingine. Akauliza wauguzi walikuwa wakisimama wapi usiku. Tukatafuta, na kutokana na jinsi milango inavyotazamana tukaona mahali pawili ambapo mtu mmoja angeweza kuangalia kumbi mbili. Akasema kazini kwake anatembea urefu wa ukumbi mara nyingi kwa zamu moja kwa sababu hakuna sehemu kama hiyo. Sikutegemea kupata somo la usanifu kutoka kwa binti wa dada yangu, lakini nimeliandika kwenye daftari.

Majengo mazuri hayakuzuia mabaya. Hospitali ilijaa kupita kiasi kwa miongo mingi, na mwaka 1961 Tume ya Kifalme iliundwa kuchunguza hali ya wagonjwa wake. Ninaliandika hilo kwa uchungu, maana sisi wasanifu hupenda kuamini kwamba tukijenga vizuri mengine yatajipanga. Baraza haiwezi kumlisha mgonjwa wala kumzuia mhudumu mkatili. Lakini pia nimeona katika ofisi nyingi kwamba bajeti ikibana, kitu cha kwanza kufutwa kwenye ramani ni baraza ya kungojea, kana kwamba wagonjwa hawangoji. Barnet na Manning hawakuifuta, ingawa watu waliowajengea hawakuwa na sauti wala kura.

Alhamisi, Bathurst

Treni ya asubuhi kutoka kituo cha Central inapanda Blue Mountains, inapita Katoomba na Lithgow, kisha inateremka kwenye nchi ya wazi ya Wawiradjuri. Ni safari ya zaidi ya saa tatu. Mwaka 1851 dhahabu ilipotangazwa huko Ophir, si mbali na Bathurst, watu walipanda milima hii kwa miguu wakisukuma mikokoteni. Bila dhahabu ile koloni lisingekuwa na pesa za kuajiri msanifu wa kulijengea mahakama kila mji.

Mahakama ya Bathurst ilifunguliwa 1880. Ukitoka kwenye bustani ya Kings Parade unaiona yote kwa mara moja: ukumbi wa mbele wa nguzo, kuba la pembe nane juu, na mabawa mawili marefu kulia na kushoto, yaliyojengwa kwa ajili ya posta na telegrafu. Mji wa wafugaji na wachimbaji, halafu kuba kama lile! Wenyeji wana hekaya kwamba ramani zilichanganywa ofisini, kwamba jengo hili lilikusudiwa kwenda India na la Bathurst likapelekwa huko. Mzee mmoja kwenye benchi alinisimulia kwa uhakika kabisa. Ni hekaya tu; lakini inanieleza jinsi watu walivyoshangaa kupewa kitu kikubwa namna ile, mpaka wakaona lazima kilikuwa cha watu wengine.

Nilipanda ngazi, nikaketi ndani ya chumba cha mahakama. Mwanga unashuka kutoka juu na kuanguka katikati, si kwa hakimu peke yake. Kesi iliyokuwa ikisikilizwa ilikuwa ya leseni ya udereva.

Alasiri nikaenda kwenye gereza, ambalo pia ni lake, lililofunguliwa 1888 na ambalo linatumika mpaka leo. Huwezi kuingia, lakini lango linaonekana kutoka barabarani: mawe mazito, na juu yake kichwa cha simba kilichochongwa, akiwa ameuma ufunguo. Mjini wanasema siku ufunguo ukidondoka kinywani mwake wafungwa wote wataachiwa huru. Nilimtazama vizuri. Mchongaji ameushikilia ufunguo kwa meno yote.

Hapa ndipo ninapoona ugumu wa ofisi yake. Koloni lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 800,000 na zaidi, barabara za vumbi, reli ikiendelea kujengwa, na mtu mmoja huko Sydney akiweka sahihi kwenye ramani za posta, jela, mahakama, mnara wa taa na hospitali. Angeweza kuchora jengo moja na kulirudia kila mahali. Badala yake alipima kila mji na kuupa ukubwa uliostahili kadiri alivyouona, na pale alipokosea, alikosea kwa kuwapa zaidi.

Ijumaa, South Head

Feri hadi Watsons Bay, kisha kwa miguu juu ya majabali. Mnara wa taa wa Macquarie ulioko leo ni wa Barnet, ulioanza kuwaka mwaka 1883. Lakini ulisimamishwa hatua chache tu kutoka ulipokuwa mnara wa kwanza, wa Francis Greenway, na Barnet alifuata umbo la ule wa zamani kwa makusudi.

Greenway alifika Sydney mwaka 1814 akiwa mfungwa: alihukumiwa kifo Uingereza kwa kughushi hati, adhabu ikabadilishwa kuwa uhamisho wa miaka 14. Gavana Macquarie alimfanya msanifu wa serikali mwaka 1816, na mnara huu ukamsaidia kupata uhuru wake. Jiwe lilikuwa laini, na mwenyewe alionya. Mwaka 1823 tayari walikuwa wakilifunga kwa mikanda ya chuma. Akafa maskini mwaka 1837. Australia ilipoanza kutumia dola mwaka 1966, sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola 10.

Barnet angeweza kuweka hapa mnara wa mtindo wake mwenyewe, na kila mtu angeelewa. Akachagua kumrudishia mwenzake mnara wake, kwa jiwe gumu zaidi na taa kubwa zaidi. Upepo ulikuwa mkali, hatukukaa sana.

Jumamosi, Bare Island

Basi hadi La Perouse, mwisho wa mji, kwenye mdomo wa Botany Bay. Kisiwa ni mwamba mdogo ambao nahodha Mwingereza James Cook aliutaja mwaka 1770 kuwa hauna kitu juu yake. Unavuka kwa daraja la mbao. Ndani ya ngome huingiwa kwa ziara ya kuongozwa tu, kwa hiyo tuliizunguka kwa nje.

Koloni liliogopa meli za vita za Urusi. Mipango ya ulinzi ilitoka kwa maafisa wa kijeshi wa Uingereza, Jervois na Scratchley, na usimamizi wa ujenzi ukaangukia ofisi ya Barnet. Kazi ilianza 1881. Zege lilikuwa baya. Lilianza kumeguka wakati ngome bado mpya. Mwaka 1890 Tume ya Kifalme ikachunguza, ikaeleza jinsi usimamizi ulivyolegea, na lawama kubwa ikamwangukia Barnet. Tayari alikuwa katika mvutano mrefu na wanajeshi juu ya nani mwenye amri kwenye majengo ya ulinzi. Mwaka huohuo akaacha kazi. Nafasi yake ilishikwa na Vernon, naye mhamiaji, aliyezaliwa High Wycombe, Uingereza, na kufika Sydney mwaka 1883.

Nilikaa juu ya mwamba nikautazama ukuta ule wa zege. Zege mbovu unaijua kwa macho: kokoto zinatokeza bila kushikwa, vipande vinabanduka kwenye kingo, doa la maji linafuata mstari pale umwagaji ulipokatishwa. Nimewahi kukataa kazi kama hiyo, na ninajua mtu husimama palepale kila siku ndipo aikatae. Akija mara moja kwa mwezi anaikuta imeshakauka na imeshapakwa.

Kwa hiyo simtetei kwa hili. Aliyeweka sahihi anawajibika, na ngome isiyostahimili ni hatari kwa askari waliomo ndani. Ninachokataa ni kwamba miaka 28 ihesabiwe kwa mwamba mmoja. Alilaumiwa kwa zege la Bare Island, alilaumiwa pia kwa michongo ya wafanyakazi pale Pitt Street, na katika hilo la pili alikuwa sahihi. Mpwa wangu alinisikiliza nikiropoka haya yote, kisha akasema, "Mjomba, kula basi," akanipa mkate.

Jioni tulipita Regent Street kuona Mortuary Station, kituo cha treni alichokichora kwa ajili ya mazishi tu. Kilifunguliwa 1869. Majeneza yalipakiwa hapa pamoja na waombolezaji, treni ikawapeleka makaburi ya Rookwood, na huduma hiyo iliendelea hadi 1948. Jengo ni dogo, la mtindo wa Gothiki, lina malaika na majani yaliyochongwa kila mahali. Tajiri na fukara waliondokea jukwaa moja. Barnet mwenyewe alifariki tarehe 16 Desemba 1904, akazikwa Rookwood.

Jumapili, Canberra

Tulitoka Sydney usiku bado. Kituo cha Regent Street kilikuwa na mwenzake: kile cha kupokelea ndani ya makaburi ya Rookwood, nacho cha Barnet, ambapo treni iliingia moja kwa moja ndani ya jengo kupitia tao kubwa. Treni zilipokoma, kikaachwa, kikaungua, kikabaki kuta. Mwaka 1957 waumini wa Kianglikana wa Ainslie, Canberra, walikinunua kwa pauni 100, wakakifungua jiwe kwa jiwe, wakakisafirisha kwa malori na kukijenga upya kuwa Kanisa la Watakatifu Wote. Barnet alikufa kabla mji wa Canberra haujakuwepo.

Tulifika katikati ya wimbo. Tao lililopitisha injini bado lipo, na malaika wawili bado wapo, mmoja ameshika tarumbeta na mwingine gombo. Upana wa kanisa ni upana wa reli na majukwaa yake mawili. Ukijua hilo unaelewa kwa nini limenyooka na kurefuka vile, na kwa nini sauti inakwenda vizuri hadi nyuma.

Baada ya ibada tulikaribishwa chai. Mama mmoja mtu mzima, alipojua kazi yangu, alitutoa nje na kutuonyesha mnara wa kengele: walipojenga upya, waliuweka upande tofauti na ulivyokuwa Rookwood. Akatuonyesha pia mawe meusi kidogo, akisema moto uliwahi kufika pale. Mpwa wangu akaweka kiganja juu ya moja, na yule mama akamwuliza ametoka wapi na yuko nchini tangu lini. Wakazama kwenye mazungumzo ya vibali, zamu za usiku na bei ya nyumba, nami nikapata nafasi ya kuchora kona ya tao.

Ninaandika haya kwenye basi la kurudi. Nimemaliza pia barua pepe ya kazini. Ile zahanati tuliyopunguza gharama mwezi uliopita, ninaomba baraza ya kungojea irudishwe kwenye ramani, mita mbili na nusu upana, na benchi ukutani. Nimeambatanisha makadirio ya mbao na bati, na nimeeleza ni wapi pengine pesa hizo zinaweza kutoka.